Gigiri Waliniuliza Kuhusu Mahari

Tangu habari ienee kwamba tumepata viza ya kuhamia Marekani, simu yangu haipoi. Manesi niliosoma nao, binamu za mume wangu, hata mama mwenye duka chini ya ploti yetu, wote huanza na swali lilelile: "Walikuuliza nini?" Nawajibu, ila najua jibu hilo haliwafikishi mbali. Afisa wa ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, alizungumza nasi kwa muda mfupi kuliko ule tuliotumia kukaguliwa langoni. Karibu kila alichouliza kilitoka kwenye karatasi tulizompelekea sisi wenyewe, na karatasi hizo ndizo zilizotutoa jasho. Kwa hiyo nitaeleza zaidi yaliyotangulia siku ile kuliko siku yenyewe.

Mimi ni nesi wa hospitali ya kaunti, wodi ya wanaume. Usiku nilikuwa nikisomea NCLEX, mtihani ambao kila nesi anayetaka leseni ya Marekani lazima aupite. Nikaupita, nikafanya na ule wa Kiingereza, nikapata cheti cha VisaScreen, kinachothibitisha masomo na leseni ya nesi wa kigeni, na hospitali moja ya jimbo la Texas ikaniombea kwa fomu ya I-140, ambayo mwajiri humwombea mfanyakazi anayetaka kumhamishia kule. Viza yenyewe ni ya kundi linaloitwa EB-3. Ukiingia nayo Marekani unaingia kama mkazi wa kudumu, na mume au mke wako pamoja na watoto wasiofika miaka 21 wanaweza kuja nawe. Manesi wana nafuu moja: serikali ya kule imeshakubali kwamba wauguzi ni haba, kwa hiyo mwajiri halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba amemkosa Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo.

Nafuu hiyo haikuondolei foleni. Viza za kikazi za uhamiaji ni kama 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kundi letu linapata kama 40,000 tu, mume, mke na watoto wakihesabiwa humohumo. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa orodha ya tarehe. Aliyeombewa kabla ya tarehe iliyotajwa anaitwa, aliyebaki anangoja. Mwaka 2024 tarehe hizo zilirudi nyuma katikati ya mwaka, na tukajua hakuna jipya mpaka Oktoba, mwaka wa fedha wa Marekani unapoanza. Nililia siku hiyo. Sasa naona kungoja kule kulitufaa, maana kama tungeitwa mapema tungefika dirisha la ubalozi bila cheti cha ndoa.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Wakala aliyekuwa akinisaidia hapa mjini, ambaye sitamtaja, aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia ndiyo, mahari ilipelekwa kwetu Bungoma Desemba 2018, tuna mtoto, Neema. Akauliza cheti kiko wapi. Sikuwa nacho. Akacheka kidogo, akavuta kiti karibu: "Dada, basi andika hujaolewa. Kama hakuna cheti, nani atajua? Fika kwanza, mzee utamwita baadaye. Ukiwa peke yako hata gharama inapungua." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenionea huruma. Nilifika nyumbani nikamweleza mume wangu. Alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa. "Na Neema utawaambia ni wa nani?"

Nilianza kusoma mwenyewe, na nilichokipata kilinitia baridi. Fomu ya DS-260, ile ya kuombea viza ya uhamiaji, unaisaini kwa kiapo. Ukisema uongo juu ya jambo lenye uzito na ukagunduliwa, unaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yako yote. Hata usipogunduliwa, mume uliyemficha hawezi tena kukufuata kwa viza yako hiyo. Itabidi umwombee upya ukiwa kule, katika foleni nyingine ya miaka. Wakala hayo hayamhusu. Yeye analipwa ukisafiri, na ukikwama hayupo dirishani. Ukitafuta wakala, angalia kwanza kama jina lake liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wangu alikuwa kwenye orodha na bado alinishauri vile, kwa hiyo orodha peke yake haitoshi.

Basi tukaanza safari ya cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ila inataka isajiliwe. Wengi wetu hatujui, au tunajua na tunaona ni usumbufu. Tulihitaji barua ya chifu, vitambulisho, picha, na sisi wawili kufika wenyewe kwa msajili wa ndoa, Sheria House. Chifu alituuliza tulikuwa wapi miaka yote hiyo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kama shahidi, akamjibu kabla sijafungua kinywa: "Ng'ombe walikuwa bado wanahesabiwa, chifu." Ofisi nzima ikacheka na barua ikapigwa muhuri.

Majina nayo yalikuwa na kesi yake. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Rosemary, kitambulisho kinasema Rose, na matokeo ya kidato cha nne yanafuata kitambulisho. Kwetu hakuna anayeshtuka. Mtu ana jina la ubatizo, la nyanya yake na la baba, na karani huandika atakalosikia. Mbele ya mgeni hao ni watu wawili. Nilitengeneza hati ya kiapo kwa wakili kueleza kwamba Rose na Rosemary ni mtu mmoja, na kwenye fomu, palipoulizwa majina mengine niliyowahi kutumia, nikayaandika yote. Kama tofauti yako ni kubwa kuliko yangu, yaani jina zima limebadilika, utahitaji hati rasmi ya kubadili jina, na hiyo huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo anza mapema. Siku yoyote utakayopata nafasi, tandika vyeti vyote mezani, vya mume na mtoto pia, usome herufi kwa herufi. Sisi tulikuta jina la kijiji cha mume wangu limeandikwa kwa namna mbili.

DS-260 inataka kila mahali ulipoishi tangu ufikishe miaka 16. Fikiria mtu wa Nairobi anajaza hilo. Kayole karibu na stendi ya Masimba, ploti haina namba. Bweni la shule. Chumba cha chuo. Miezi kadhaa kwa shangazi Githurai. Kisha Kasarani, tulikohama ploti moja kwenda nyingine kwa sababu ya maji. Nilimpigia mama simu jioni nzima. "Hapo kwa shangazi yako ulikaa kabla au baada ya mimi kulazwa?" Tukipata tukio tunapata mwaka. Fomu inataka pia kazi zako za miaka 10 iliyopita na majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5. Nina akaunti moja ya zamani niliyokuwa nikiitumia kulalamikia mishahara. Nikaiandika na hakuna aliyeniuliza. Ukimaliza, ichapishe uiweke. Miezi itapita kabla hujaitwa, na utasahau uliandika nini.

Kuhusu pesa nitasema wazi kwa sababu watu huficha. Mwajiri alinilipia ada yangu ya viza. Ya mume na mtoto ilikuwa juu yetu: dola 345 kila mmoja, jumla 690, na kwa dola ya shilingi 129 ni kama 89,000. Waliolipa mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia 160, waliumia zaidi. Cheti cha tabia njema kilikuwa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha tukachukuliwa alama za vidole. Juu ya hapo kuna vipimo vya afya vya kila mtu, picha, nauli za Bungoma, na siku za kazi ambazo mume wangu, fundi wa magari, hakulipwa kwa sababu hakuwepo gereji. Tulikopa kwenye chama chetu cha akiba. Mweka hazina alitaka kujua ni biashara gani. Tulisema ukweli na walitupa. Kuna pesa moja tu ambayo tulikataa kutoa, ya jamaa aliyesema anaweza kutusogezea tarehe ya mahojiano. Kwa viza ya aina hii tarehe hupangwa na kituo cha Marekani kiitwacho NVC, na hakuna kijana wa Nairobi anayeiuza.

Vipimo vya afya tulivifanya kwa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Wanaangalia chanjo, damu, na eksirei ya kifua kwa watu wazima. Mimi niliingia na wasiwasi kwa sababu nimewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu miaka mingi. Mwenzangu wa wodini eksirei yake ilionyesha kovu: alitakiwa kutoa makohozi asubuhi tatu mfululizo, kisha kungoja majibu ya maabara ambayo huchukua hadi wiki nane, na hakuwa mgonjwa. Tarehe yake ya ubalozi ikapita. Kwa hiyo usiende IOM wiki ya mwisho. Usiende mapema kupita kiasi pia, kwa sababu vipimo hudumu kama miezi sita na viza yako hukatwa tarehe kwa kuvifuata.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai 2025, ile baridi ya Nairobi inayokaa mgongoni. Tulipanda matatu za njia ya Ruaka alfajiri ili tuwahi msongamano wa Limuru Road, tukafika mapema mno, tukasimama nje na Neema amefungwa leso mbili. Simu zetu tulimwachia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyetusindikiza kwa kazi hiyo tu. Ubalozini huingii na simu, wala begi kubwa, wala kifaa chochote cha umeme. Askari alimtazama mume wangu mkononi: "Baba, hata hiyo saa kama inaunganishwa na simu, irudishe." Ilibidi arudi mbio barabarani. Wapo wanaonung'unika juu ya ukaguzi ule. Wenye umri wanakumbuka ubalozi ulipokuwa mjini, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie, mpaka 7 Agosti 1998, bomu lilipoua watu zaidi ya 200. Baba mdogo alikuwa anauza magazeti mtaa wa pili. Yeye hajawahi kuuliza kwa nini wanakagua.

Ndani kuna madirisha. La kwanza ni la kupokea karatasi, na aliyetuhudumia ni Mkenya mwenzetu. Alitaka vyeti asili: vya kuzaliwa, cha ndoa, vya tabia njema, VisaScreen, barua ya mwajiri. Alivipanga kwa mpangilio wake bila kujali faili langu la rangi nililolipamba kwa vibandiko. Tukachukuliwa alama za vidole, tukarudi kukaa.

Ukingoja pale unasikia kesi za watu bila kutaka, kwa sababu vioo vinalazimisha sauti kupanda. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alifanya kazi Qatar kwa muda mrefu kabla ya kurudi Kenya. Kila kitu chake kilikuwa sawa ila hakuwa na cheti cha polisi cha Qatar. Aliambiwa kwamba mtu yeyote aliyeishi nchi nyingine mwaka mzima au zaidi baada ya kufikisha miaka 16 anakihitaji. Akasema mwajiri wake wa kule alishahama. Afisa alimweleza kwa utulivu kwamba cheti hakitoki kwa mwajiri, kinatoka kwa polisi, akampa barua. Yule mama alipopita karibu nasi alikuwa anaisoma huku midomo ikicheza. Wale mliowahi kufanya kazi Saudia, Dubai au Doha, hilo lianzeni leo.

Tulipoitwa, afisa alituambia tuinue mkono wa kulia tuape kwamba tutasema kweli. Kisha akaanza kwangu. Nani amekuajiri? Mji gani? Wodi gani? Utalipwa kiasi gani? Nilikuwa nimeambiwa nijue mshahara wa mwaka, lakini wenzetu wale huhesabu kwa saa, na mkataba wangu uliandikwa hivyo. Nikamjibu kwa saa. Ulipataje kazi hii? Nikamtaja wakala. Je, umemlipa? Nikasema kiasi na nilicholipia. Hakuonekana kushangaa.

Akafungua cheti cha ndoa. "Hiki kimetolewa 2024. Wewe umeandika mmeoana 2018. Nielezee." Moyo ulinienda mbio, lakini jibu lilikuwepo kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimwambia mahari ilipelekwa 2018 na kwetu siku hiyo ndiyo ndoa. Usajili ndio tuliochelewesha. Akamgeukia mume wangu. "Siku hiyo ulipeleka nini?" Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Akafikiri, nami nikawa naomba Mungu asijaribu kujipamba. "Ng'ombe wawili na blanketi la bibi yake. Waliobaki walifuata." Nani alikwenda naye? Akataja wajomba zake mmoja baada ya mwingine, na yule aliyelewa. Afisa akaomba picha. Tulikuwa tumechapisha chache pale River Road, moja ikiwa ya nyanya yangu amejifunika lile blanketi juani. Aliitazama kidogo, akaturudishia.

Neema aliulizwa jina lake. Alijibu kwa sauti ndogo mno, nami nikafungua kinywa nimjibie. Mume wangu akanikanyaga mguu. Mwache mtoto ajibu. Wanaweza kungoja.

Tatizo likatokea mahali nisipolitarajia. Barua ya mwajiri ilikuwa ya zamani, na tangu iandikwe hospitali ile ilikuwa imepata wamiliki wapya na jina jipya. Nilijua habari hizo kwa barua pepe waliyonitumia, lakini hakuna aliyeniambia kwamba barua ya kazi nayo inapaswa kuandikwa upya. Afisa alibaki na pasipoti zetu, akanipa karatasi yenye kifungu cha 221(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, inayotaja kinachokosekana, akasema kesi itaendelea barua ikifika. Una hadi mwaka mmoja wa kuleta. Kama mwajiri wako amebadilika kwa namna yoyote, au barua yako imekaa, omba mpya kabla hujakwenda. Wao hawatakumbuka.

Usiku ule niliingia kwenye tovuti wanakoonyesha hali ya kesi nikakuta imeandikwa kwamba nimekataliwa. Sikulala. Ni kesho yake nesi mmoja aliyekwisha kupita huko aliponiambia kwamba chini ya 221(g) tovuti huandika hivyohivyo mpaka karatasi zikamilike, na nisome ile barua ya mkononi badala ya tovuti. Ubalozini hakuna aliyekuwa amenitamkia kwamba nimenyimwa. Nawaambia hili ili msipige mayowe bure kama mimi, niliyekwisha kumwamsha mama mkwe saa sita za usiku.

Texas iko nyuma yetu kwa saa nane mwezi wa Julai. Nikitoka zamu ya mchana, kule ndiyo wanakunywa kahawa. Niliwapigia jioni baada ya jioni, nikirushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, mpaka nikampata mwanamke wa idara ya wafanyakazi aliyeelewa ninachotaka. Nilimtumia sentensi nilizohitaji: jina jipya la hospitali, kwamba ni mwajiri yuleyule aliyeniombea, kazi, mshahara, na kwamba nafasi bado ipo. Akaiandika, akaisaini, nikaituma kama karatasi ile ilivyoelekeza. Baada ya kimya fulani hali kwenye tovuti ikabadilika, na pasipoti zetu zikarudi na viza ndani.

Kabla ya kusafiri kuna ada nyingine ya idara ya uhamiaji ya kule, USCIS, ya kutengenezewa kadi ya ukazi: dola 235 kwa kila mtu, hulipwa kwa mtandao. Mwajiri wangu alisema mkataba hauigusi, na kweli nilipousoma haukuwa umeigusa. Usome mkataba wako kwa jicho hilo, na zaidi ile sehemu inayosema utadaiwa kiasi gani ukiacha kazi kabla ya muda. Mimi niliisoma na kalamu mkononi, nikauliza maswali kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi.

Barua ya kuacha kazi niliipeleka kaunti baada ya pasipoti kufika mkononi. Mwenzangu wa eksirei alikuwa ameshajiuzulu na kuuza hadi makochi kabla ya kuitwa. Alirudi kuomba zamu za vibarua akingoja majibu ya maabara, na analala kwenye godoro sakafuni. Sisi tunaondoka kabla viza haijaisha muda. Friji wifi yangu ameshaiomba, lakini tumemwambia aje aichukue siku ya ndege.